Je, Ni Aibu Kumlilia Mbwa?

Juma hili twataka kujibu swali ambalo wengi huona haya kuliuliza. Aliyelileta ni mzee mmoja mgane. Jina lake hatulitaji, wala kijiji chake. Yatosha kusema ya kuwa anakaa katika miteremko ishukayo kutoka Mbinga kuelekea Mbamba Bay, mahali ambapo asubuhi mtu huliona Ziwa Nyasa likimetameta mbali chini yake. Alikuja baada ya Misa, akangoja mpaka watu wote walipotawanyika, ndipo akasema: “Padre, mbwa wangu amekufa, nami nimemlilia. Majirani wamenicheka. Je, nimekosa?”

Mbwa huyo aliitwa Tutaona. Kwa miaka minane yeye na bwana wake walilinda shamba pamoja. Wakulima wa sehemu zetu waijua kazi hiyo. Mahindi yakianza kukomaa, nyani huja mchana na nguruwe mwitu huja usiku, na usiku mmoja watosha kuharibu jasho la miezi. Mzee alilala katika dungu, lakini masikio yake yamekwisha kuzeeka. Masikio yaliyokesha yalikuwa ya Tutaona. Mwezi wa Aprili nguruwe mmoja alimpasua ubavu. Mzee akambeba mikononi mpaka nyumbani, akakaa naye usiku kucha, na alfajiri mbwa akafa. Akamzika chini ya mwembe.

Waliomcheka hatuwashangai sana, maana katika usemi wetu jina la mbwa limegeuzwa kuwa tusi. Kule ufukoni hupigwa mawe kwa ajili ya usipa walioanikwa chanjani. Huku milimani hufukuzwa jikoni kwa mwiko. Lakini giza likiingia, huyohuyo aliyepigwa mchana ndiye tunayemtumaini atuamshe mwizi akija. Basi tuseme kweli: twaipenda kazi yake, ila shukrani twaona haya kuitoa.

Maandiko Matakatifu hayaoni haya hiyo. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika, mbwa alifuatana nao, tena akarudi nao. Hakutenda mwujiza wowote; alifuatana nao tu, na mwandishi akaona vema kumtaja. Katika Injili ya Luka, Lazaro maskini alipolala mlangoni pa tajiri, waliomkaribia ni mbwa, wakamlamba vidonda. Kitabu cha Mithali kinamsifu mwenye haki kwa kuwa auangalia uhai wa mnyama wake, na katika Kutoka ng’ombe na punda wamepewa pumziko la siku ya saba pamoja na mwanadamu.

Hata hivyo twapaswa kuwa na kiasi. Mzee aliuliza pia kama aweza kuleta nia ya Misa kwa ajili ya Tutaona. Tulimjibu kwa upole ya kuwa Misa ya marehemu ni kwa ajili ya watu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa mnyama ana roho imwezeshayo kuona, kusikia na kuhisi, lakini roho hiyo si kama ya mwanadamu iishiyo milele. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yasema mambo mawili pamoja: ya kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu nasi tunawiwa kuwatendea wema, na ya kwamba tusiwape pendo lile liwapasalo wanadamu tu, wala tusitumie kwao fedha iliyopaswa kwanza kuwaondolea watu taabu. Lakini kumshukuru Mungu kwa miaka minane ya ulinzi mwema, hilo mzee aweza kulifanya kila siku, wala hahitaji ruhusa ya padre.

Tulipoendelea kuzungumza, mzee alitueleza jambo jingine. Mkewe alifariki miaka mitano iliyopita, na watoto wake wako mbali, wamekwenda kutafuta maisha. Tangu hapo, aliporudi shambani jioni, aliyemlaki njiani alikuwa Tutaona peke yake. “Sasa nikifika,” alisema, “nyumba iko kimya.” Hapo tukafahamu ya kuwa mzee hakumlilia mbwa tu. Msiba mdogo ulikuwa umeufungua ule mkubwa. Waliomcheka walikuwa wanacheka kaburi la mkewe bila kujua.

Wazee walisema: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Twaisikia methali hii vinywani mwa wengi wenye uchungu, lakini isitufundishe kuwakimbia watu. Yafaa ituulize sisi majirani: kwa nini mbwa alimlaki mzee yule kila jioni, nasi tulipita njia hiyohiyo bila kubisha hodi?

Wala si mbwa peke yake astahiliye shukrani. Panya buku aitwaye Magawa alizaliwa hapa kwetu Tanzania mwaka 2013, akafundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, akapelekwa Kambodia mwaka 2016. Huko aligundua mabomu ya ardhini na baruti nyingine zaidi ya mia moja. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu, na alipokufa Januari 2022 watu wa mataifa mengi walisikitika. Ni nani ajuaye ni watoto wangapi wanaotembea leo kwa miguu miwili kwa sababu yake?

Basi, heshima kwa mnyama aliyekufa huonekana katika jinsi tunavyomtunza aliye hai. Mpe mbwa wako chakula na maji, usimfunge juani kutwa, usimpige bure. Hata nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Zaidi ya yote, mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kwa wakati wake kama aagizavyo mganga wa mifugo. Karibu watu wote wafao kwa ugonjwa huo duniani waliupata kwa mbwa, na dalili zikiisha kumtokea mgonjwa, kupona ni nadra mno. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje. Ampendaye mbwa wake ampenda na mtoto wa jirani.

Naye mzee tulimjibu: hukukosa, baba. Machozi yako yalikuwa shukrani. Nanyi majirani, mkisikia mtu amefiwa na mnyama aliyemtumikia kwa uaminifu, mwambieni pole, kisha kaeni naye kidogo. Mahindi ya mzee huyu bado yako shambani, na dungu lake sasa lina masikio mawili tu, tena mazito. Kijana mmoja wa jirani amekwisha kujitolea kulala naye huko mpaka mavuno. Twamsifu, na twawaomba wengine wapokezane naye.