SOMO LA KOMPYUTA: KUPACHIKA CHOMBO CHA MWINGINE NDANI YA PROGRAMU



Katika somo hili tutaeleza njia ya mkato wanayoitumia sana waandishi wa programu: kuchukua chombo kilichokwisha kutengenezwa na mtu mwingine na kukipachika ndani ya programu yako.

Faida yake ni kuokoa muda. Mwaka 2008 nchini Kenya, waliotengeneza tovuti ya Ushahidi ili kupokea taarifa za machafuko ya baada ya uchaguzi hawakuchora ramani wenyewe. Walipachika ramani za Google, na tovuti ikawa tayari kwa siku chache.

Tuchukue mfano wa karibu. Tukitaka programu ya nyakati za swala kwa Kilosa na Mikumi, hatuna haja ya kuandika upya hesabu za jua. Zipo tayari, nasi tutaziita kwa mistari michache. Lakini chombo huja na vipimo alivyoviweka mtengenezaji. Kwa hiyo tukague mambo matatu:

1. Mahali. Kilosa na Mikumi ziko karibu na nyuzi 37 Mashariki. Dar es Salaam ni karibu nyuzi 39.3. Kama tulivyosoma katika Jiografia, kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4. Hivyo Magharibi ya Kilosa huchelewa kwa dakika zipatazo 9. Chombo kikibaki na vipimo vya Dar es Salaam, mtu wa Kilosa atafuturu jua halijazama.

2. Alfajiri. Wako wanaoihesabu jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, na wako wa nyuzi 15. Huku kwetu tofauti hiyo ni kama dakika 12, nazo zinamhusu anayekula daku.

3. Alasiri. Kwa Shafi, huingia kivuli kinapolingana na kitu chenyewe, mbali na kivuli cha adhuhuri. Kwa Hanafi, kivuli kiwe mara mbili.

Kompyuta haitatuonya, kwani hesabu yenyewe ni sahihi. Kasoro iko kwenye vipimo. Basi kabla ya kuchapa ratiba, tuilinganishe na ratiba ya msikiti inayoaminika na tumuulize mwalimu wa fiqhi. Chombo ni cha kuazima, lakini dhima ni ya aliyekipachika.

Zoezi: Miji miwili iko latitudo moja, mmoja nyuzi 35 Mashariki na mwingine nyuzi 38. Jua litatangulia kuzama wapi, na kwa dakika ngapi?

Wabillahi tawfiq.