Mteja akiuliza "hii krimu ya mimea inazuia jua?" mjibu hivi

Leo ni somo la wauza vipodozi mtandaoni, hasa sisi wa Kahama, Shinyanga mjini, Geita na Katoro. Wateja wetu wanashinda juani: mnadani, shambani, machimboni.

Siku hizi mzigo unakuja umeandikwa "plant stem cell", eti dondoo za mimea zinalinda seli shina za ngozi dhidi ya jua. Twende taratibu.

1. SELI SHINA NI NINI?
Ni seli mama. Zipo chini ya tabaka la juu la ngozi na kwenye mashina ya vinyweleo, ndizo zinazozaa ngozi mpya. Mionzi ya jua ikiharibu vinasaba vyake, kasoro inarithiwa na seli zinazozaliwa. Ndiyo njia mojawapo ya saratani ya ngozi kuanza.

2. MIMEA INASAIDIA WAPI?
Chai ya kijani, kwa mfano, ina viambata vinavyopunguza sumu ambazo jua linazitengeneza ndani ya ngozi. Majaribio yameonyesha dondoo yake ikipakwa inapunguza wekundu wa kuungua. Ila haizuii mionzi kuingia vya kutosha. Ni kama ndoo chini ya paa linalovuja: inasaidia, lakini kinachozuia mvua ni bati. Bati la losheni ni zinki oksaidi na vichujio vingine, na nguvu yake inaandikwa SPF. SPF 30 ikipakwa ya kutosha inachuja karibu asilimia 97 ya UVB. Na ile krimu ya tufaha la Uswisi? Ni dondoo tu, hakuna seli hai ndani ya kopo.

3. SOMA LEBO KABLA YA KUPOSTI
Hakuna SPF? Uza kama mafuta ya kulainisha ngozi, basi. SPF ipo? Angalia kama inataja na UVA, na tarehe ya kuisha muda. Usianike mzigo juani, losheni inaharibika na joto.

4. MTEJA MWENYE UALBINO
Hapa maneno yako yanaweza kumgharimu mtu maisha. Ngozi yake ina melanini kidogo sana au haina. Mama akikuulizia mafuta ya nazi au mshubiri kwa mtoto wake, mwambie wazi: hayatoshi. Kuna losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, KCMC, kwa ajili yao, na inatolewa bure. Mwelekeze hospitali au kwenye chama cha watu wenye ualbino. Akitaja kidonda kisichopona, asisubiri, aende hospitali.

5. MKOROGO USIGUSE
Unaondoa melanini, yaani kinga ya asili. Mwingine una zebaki, ile ile ya kukamatia dhahabu machimboni. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, ukikamatwa mzigo wote umekwenda.

JIBU LA KUKOPI:
"Dada/kaka, hii inalainisha ngozi, haina SPF. Kwa jua chukua losheni ya SPF 30, paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili au ukitoka jasho. Ongeza kofia pana na mikono mirefu."

Umeona? Hapo mimi nauza losheni NA kofia kwa mteja mmoja, bila kudanganya. Wiki ijayo anarudi, na anakuja na shoga yake.

Seivu hii, mtumie mwenzako anayeuza vipodozi. Una krimu huielewi lebo yake? Andika viambato vyake hapo chini tusaidiane.