MANDHARI YA KWETU YANA THAMANI

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mwaka huu nimeonelea niandike kuhusu uchoraji, kwa sababu wengi wetu hudhani ni mchezo wa watoto wa shule ya msingi. Tena ukichora shamba la nyanya yako utachekwa! Ati chora gorofa, chora ndege. Mimi napinga, na mashahidi wangu ni wachoraji wawili.

Mandhari ni nini?

Mandhari ni jinsi mahali panavyoonekana kwa macho: vilima, miti, mto, anga, na watu wakiendelea na shughuli zao. Picha za namna hii mara nyingi huwa tulivu. Lakini msidhani mchoraji wake hana neno la kusema.

Elimo Njau

Huyu alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alisomea sanaa Makerere, Uganda. Katika miaka ya 1950 alichora ukutani katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Murang'a, ambao wakati huo uliitwa Fort Hall. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau.

Hebu fikirini hali ilivyokuwa. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Watu walihamishwa kwa nguvu, wengine wakatiwa kambini, na damu ikamwagika kila upande. Sisi Wameru pia tulikuwemo, waulizeni wazee.

Kufikia 1959 Njau alikuwa amemaliza michoro mikubwa mitano: Yesu kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Lakini hakuiga picha za Wazungu tulizozoea kuona kwenye kalenda. Yesu wake ni Mwafrika, watu wanaomzunguka ni Waafrika, na vilima vinavyoonekana ni vya huko huko Kenya. Nchi ambayo watu walikuwa wanaiogopa kwa sababu ya vita, yeye aliionyesha kuwa mahali patakatifu.

Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya sanaa ya Waafrika. Moto uliiteketeza mwaka 1997, lakini hawakukata tamaa, wakaijenga tena.

Edward Bannister

Wa pili ni wa mbali na wa zamani zaidi. Bannister, mtu Mweusi, alizaliwa Kanada mwaka 1828 akaishi Marekani. Huko utumwa ulikomeshwa mwaka 1865 tu, na hata baadaye wapo waliodai ati Mwafrika hana uwezo wa kuunda sanaa. Bannister alijibu kwa brashi. Alichora malisho, ng'ombe na mawingu ya jioni. Mwaka 1876, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, picha yake ya miti ya mialoni ilipata tuzo ya kwanza. Inasimuliwa kwamba waamuzi walipogundua mshindi ni Mweusi walitaka kubadili uamuzi. Wachoraji wenzake Wazungu wakakataa katakata, naye akapewa haki yake.

Tunajifunza nini?

Kwanza, utulivu katika picha si uoga. Wawili hawa waliishi nyakati ngumu, na kwa kuchora kilima au mti walisema: sisi ni watu, na macho yetu yanaona uzuri.

Pili, anayeiga ya wengine husahau yake. Hapa Muthara tuna milima ya Nyambene, ukungu wa asubuhi, miti ya miraa, na akina mama wakienda sokoni. Tusipovichora sisi, nani atavichora?

Tatu, mambo hubadilika. Miti hukatwa na mashamba hugawanywa. Picha huhifadhi yale ambayo wajukuu wetu hawatayakuta.

Zoezi

1. Taja vitu vitano unavyoviona njiani ukija shuleni ambavyo hujawahi kuviona katika picha yoyote.
2. Chagua kimoja ukichore kwa penseli. Usitazame kitabu, kitazame chenyewe.

Ni matumaini yangu kwamba ukuta wa darasa letu hautabaki mtupu. Atakayecheka na acheke, sisi tuchore.