Dondoo muhimu: Kompyuta ya mezani, mpya au ya zamani?

- Uliza kizazi cha prosesa. Intel Core i7 ya kizazi cha 4 (2013) isikutishe. Core i5 ya kizazi cha 8 (2017) kwa kawaida huishinda.
- Fikiria usalama. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida hudai kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na kipengele cha usalama cha TPM 2.0.
- Ya zamani bado yafaa kuchapa barua na kutunza hesabu za duka. Ifunge diski ya SSD, RAM ya GB 8 na mfumo wa Linux.
- Kuhariri video? Jikaze, nunua mpya.
- Kabla ya kulipa, iwashe, jaribu matundu yote ya USB, sikiliza feni, kisha dai risiti yenye dhamana.