UZITO WA MPIGA KAFI NA UTULIVU WA MTUMBWI

Likizo iliyopita, kwetu Kilwa, nilitoka na mdogo wangu katika mtumbwi wa mjomba kwenda kuopoa dema. Tulipofika nikasimama nipate kuvuta kamba vizuri. Kufumba na kufumbua, sote tulikuwa majini. Mdogo wangu hajui kuogelea. Nilimshika shati, tukaung'ang'ania mtumbwi uliopinduka mpaka wavuvi wakaja kutuokoa. Mjomba hakunipiga. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko shuleni mwafundishwa nini?" Swali lile lilinitia haya, nikarudi kwenye daftari langu la Fizikia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kila chombo kieleacho kina nguvu mbili. Ya kwanza ni uzito, uvutao chini kupitia mahali paitwapo kitovu cha uzito. Ya pili ni msukumo wa maji, uinuao kupitia katikati ya sehemu iliyozama. Mtumbwi ukiinama, upande ulioinama huzama zaidi, na msukumo huhamia huko ukaurudisha. Lakini kitovu cha uzito kikiwa juu mno, uzito huangukia nje ya msukumo, na mtumbwi hupinduka.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mtumbwi una kilo 60, na kitovu chake kiko sm 15 kutoka chini. Mtu wa kilo 60 ameketi, na kitovu chake kiko sm 35. Kitovu cha wote wawili ni:

(60 × 15 + 60 × 35) ÷ 120 = sm 25.

Akisimama, kitovu chake hufika sm 95, na cha wote wawili sm 55. Uzito haukuongezeka hata ratili moja, ila kitovu kimepanda zaidi ya mara mbili. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Je, mtu mzito zaidi? Mtu wa kilo 90 akiketi vile vile, kitovu cha wote ni sm 27. Kimepanda kidogo tu. Hatari yake nyingine ni kuzama. Ikiwa eneo la mtumbwi usoni pa maji ni meta 2 za mraba, kila kilo 20 huuzamisha karibu sm 1, na ukingo huzidi kukaribia mawimbi.

Lakini uzito uliowekwa chini husaidia. Mtu yule wa kwanza akitia kilo 60 za mchanga, kitovu chake kikiwa sm 10, kitovu cha vyote hushuka hadi sm 20. Ndiyo maana mabaharia hutia farumi katika chombo kitupu, ila wasizidishe, kwa sababu ya ule ukingo. Ngalawa nayo hupata utulivu kwa njia nyingine: matengo yake hukaa mbali kila upande, na chombo kinakuwa kama kimepanuka.

Basi, msomaji, uwe mnene au mwembamba, keti chini, katikati, na mzigo uwe sakafuni. Mimi nimekwisha kujifunza. Hata hivyo mdogo wangu hakubali kupanda nami mpaka niape kwamba sitasimama.