SOMO LA KIKUNDI: POMBE YA JANA USIKU BADO IMO DAMUNI

Somo la safari hii linawahusu hasa wale ambao kikundi chao kimenunulia wanachama pikipiki kwa mkopo, lakini mwenye gari, trekta au hata baiskeli asiruke ukurasa.

Najua kuna mzee atakayeuliza, "Je, gazeti la kanisa sasa linatufundisha kuhesabu chupa?" Mzee wangu, fundisho la kanisa juu ya ulevi halijabadilika. Lakini barabarani anayeumia si mnywaji peke yake. Mtoto wa shule anayebebwa kutoka Kiminini asubuhi na mapema, akiwa katikati ya wenzake wawili juu ya pikipiki moja, hajaonja kitu. Mama anayevuka lami pale Misikhu na kikapu chake cha mboga hajaonja kitu. Kwa ajili yao, tuhesabu.

Pombe ikishanywewa huingia katika damu na kusambaa mwilini mote, mpaka kwenye ubongo. Huko ndiko inakoharibu macho, mikono na akili ya kukadiria mwendo. Daktari huipima kwa miligramu ndani ya mililita 100 za damu. Polisi naye hupima pumzi, kwa kile kifaa cha kupuliza ambacho Wakenya walianza kukiona barabarani mwaka 2013 na kukiita Alcoblow. Kanuni za trafiki za mwaka 2011 ziliweka mpaka wa mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, ambazo ni sawa na miligramu 80 hivi katika mililita 100 za damu. Na msifikiri kwamba chini ya 80 mtu yuko salama. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke mpaka wa 50, na wa 20 kwa madereva wapya, kwa sababu mikono huanza kuchelewa mapema kuliko mnywaji mwenyewe anavyojua. Tena Sheria ya Trafiki, kifungu cha 44, inamkataza mtu kuendesha akiwa amelewa hata kushindwa kukitawala chombo vizuri, kifaa kiwepo kisiwepo.

Sasa mwezeshaji alete bakuli la mahindi makavu. Punje moja iwe miligramu 5. Mpaka wa sheria basi ni punje 16. Ziwekeni kando kwenye kisahani ili kila mtu azione.

Chukueni mwanaume wa kilo 60. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4.2 (kibandiko cha chupa huonyesha) ina gramu 17 hivi za pombe tupu. Kwa mwili wake chupa hiyo ni kama miligramu 40, yaani punje 8. Akinywa chupa mbili haraka haraka, tayari amefika punje 16. Chupa mbili tu! Mwanamke wa kilo hizo hizo huhesabiwa punje 9 kwa chupa, maana mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kuichanganya pombe. Mwanaume mwembamba wa kilo 50 ni karibu punje 10. Mnene wa kilo 80 ni punje 6. Hesabu hii ilianzishwa na Msweden mmoja, Erik Widmark, miaka ya 1930, na hadi leo inatumika. Ni makadirio, si mizani ya dukani. Watu wawili wa uzito mmoja wanaweza kutofautiana.

Upande wa kutoka ndio unaowashangaza watu. Ini huondoa pombe polepole, kama pipa lenye tundu dogo chini. Ukimwaga maji kwa debe au kwa kikombe, tundu ni lile lile. Kwa watu wengi ni miligramu 15 hivi kwa saa, yaani punje 3. Kwa hiyo chupa moja ya bia inamkalia yule ndugu wa kilo 60 karibu saa tatu.

Fanyeni zoezi hili kwa mikono, msisome tu. Ndugu huyo anaanza saa moja jioni. Mpaka aende kulala amekunywa chupa nane. Wekeni mezani punje 64. Kila saa mtu mmoja aondoe punje tatu, huku mwingine akitaja saa kwa sauti: saa mbili, saa tatu, saa nne. Mkifika saa kumi na mbili asubuhi mtakuwa mmeondoa 33. Mezani zimebaki 31. Mpaka wa sheria ni 16. Ndugu amelala, amenawa uso, ameswaki, amevaa koti lake la boda boda, na yuko karibu mara mbili ya mpaka. Nusu saa baadaye amepakia wanafunzi.

Ndiyo maana nasema ajali ya pombe si ya usiku pekee. Usiku wenyewe watu wanamwona mlevi na kumkwepa. Asubuhi hanuki sana, anaongea vizuri, na mzazi anamkabidhi mtoto. Akianza siku kwa kile vijana wanachoita "kutoa loki", basi ameongeza punje juu ya zilizobaki.

Na supu je? Na strungi, maji baridi, ndimu, kuoga, kutapika? Hakuna hata moja inayopanua lile tundu. Kahawa itamfanya awe mlevi aliye macho. Ugali kabla ya kunywa hufanya pombe iingie polepole, hilo ni kweli, na kilele chake kinaweza kushuka kidogo, lakini si ruhusa ya kushika usukani. Kinachoondoa punje ni saa.

Tuje kwa vinywaji vyetu. Utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2010 ulipima busaa na chang'aa za huku kwetu magharibi. Busaa ilikuwa na wastani wa asilimia 4. Kwa hiyo mkebe wa nusu lita ni karibu sawa na chupa ya bia: punje 8. Wazee wetu huita busaa chakula, na kweli imetoka kwa mahindi na wimbi, lakini ini halijui tofauti. Tabu nyingine ni ile ya kunywa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Nani atajua amevuta kiasi gani? Kadirieni hivi: debe la lita 20 likimalizwa na wazee wanane, kila mmoja amepata lita mbili na nusu, ambazo ni mikebe mitano, punje 40. Na siku zote kuna mmoja mwenye pumzi ndefu kuliko wenzake.

Chang'aa ni hadithi nyingine. Wastani wake katika utafiti ule ulikuwa asilimia 34, lakini ilipanda na kushuka sana kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine. Glasi ya robo lita, kama ni nyepesi ya asilimia 20, ni punje 19. Kama ni ya wastani ni punje 32. Kama ni kali ya 48 ni punje 46. Glasi ni ile ile, rangi ni ile ile. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kutiwa kwenye chupa, lakini ile ya kichakani haina kibandiko. Basi kwa chang'aa msihesabu kabisa. Aliyeinywa jioni asiendeshe kesho yake asubuhi.

Kwa kikundi, maneno matupu hayatoshi. Ushauri wangu ni funguo zitolewe kabla ya mkebe wa kwanza. Baada ya mkebe wa tatu kila mwanaume anajiona dereva bora kuliko wote kutoka Kitale mpaka Malaba, na kubishana naye ni kutafuta vita. Chagueni mtunza funguo asiyekunywa, mwanamke au mwanaume, ambaye hata mwenyekiti atamwogopa. Kama pikipiki ni ya mkopo wa kikundi, mna haki: ikianguka, deni linabaki kwenu nyote, na bima inaweza kukataa kulipia chombo kilichoendeshwa na mlevi. Someni karatasi zenu za bima mwone zinasema nini.

Lakini sheria ya funguo bila mahali pa kulala ni karatasi tu. Mtu aliye kilomita nane kutoka nyumbani, usiku, mvua inanyesha, ataomba funguo zake na atapewa. Kwa hiyo mwenye sherehe aandae mikeka. Hili ni la maana sana Bungoma katika Agosti ya mwaka wa kutahiri, ambapo watu huzunguka boma kwa boma usiku kucha na pikipiki hazilali. Aliyelewa asiachwe pia atembee peke yake kandokando ya lami ya Webuye. Malori ya kwenda Uganda hayamwoni mtu mwenye koti jeusi.

Kwa steji za boda boda, mwenyekiti wa steji aulize swali moja kila asubuhi kabla ya kupakia wanafunzi: "Jana uliacha saa ngapi, na ulikunywa nini?" Majibu yahesabiwe kwa punje hapo hapo. Mwenye zaidi ya sufuri apumzike mpaka ziishe. Najua ni kupoteza pesa za asubuhi. Kikundi kinaweza kumkopesha za chakula cha siku hiyo kutoka mfuko wa merigoraundi.

Mwanzo wa kikao fungueni Mithali 23, kuanzia mstari wa 29, na mmoja asome kwa sauti. Kisha mjadiliane: Katika kijiji chetu nani anabeba watoto wa shule, na tumewahi kumwuliza swali lile? Mtunza funguo wetu atakuwa nani? Sherehe ijayo ni ya nyumba gani, na watu wangapi wanaweza kulala pale? Katibu aandike majina na idadi ya mikeka kwenye kitabu cha kikundi kabla kikao hakijafungwa.