Njia Ipo, Jina Halijulikani: Hitilafu ya Majina katika Mtandao wa VPN

Zama za misafara, mji tuuitao leo Tabora ulikuwa na majina zaidi ya moja. Burton na Speke, walipofika Novemba 1857, waliandika Kazeh. Wengine walisema Unyanyembe, kwa jina la utemi wenyewe. Mpagazi aliyeijua barabara yote tangu Bagamoyo angeweza kukwama iwapo aliuliza nyumba ya Kwihara kwa mtu wa pwani asiyepata kuisikia. Njia ilikuwa wazi. Aliyeulizwa ndiye hakujua.

Mkasa wa namna hiyo humpata leo mtumishi wa Tabora aliyeunganishwa na makao makuu yake, tuseme yako Dodoma, kwa VPN, yaani mkondo wa siri upitao ndani ya intaneti ya kawaida. Alama inaonyesha kuwa ameunganishwa, lakini daftari la malipo halifunguki, na mishahara inangoja.

Kompyuta hufikiana kwa namba. Kugeuza jina kuwa namba ni kazi ya seva ya majina, katika utaratibu wa DNS uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Basi kwanza iite seva ya malipo kwa namba yake, kwa mfano 10.20.0.15, ukitumia amri ya ping. Ikiitika, mkondo ni mzima na kosa li katika majina. Ukimya si ushahidi kamili, kwa maana seva nyingine huzuiwa zisijibu mwito huo.

Kisha tumia amri ya nslookup pamoja na jina kamili, mathalani malipo.ofisi.internal (mwisho huo ulitengwa na ICANN mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani), utazame ni nani aliyejibu. Mara nyingi utakuta ni seva ya kampuni ya simu, ambayo haiwezi kuyajua majina ya ndani ya ofisi. Hapo mtunza mtandao hana budi kuipanga VPN iyapeleke maswali hayo kwa seva ya ofisi. Ikiwa seva ya ofisi ndiyo inayoulizwa nayo haijibu, achunguze kama mlango namba 53 umefungwa njiani.

Wako wanaoiandika namba kwa mkono katika faili la hosts. Hiyo ni nafuu ya muda: seva ikihamishiwa namba nyingine, faili litaendelea kumwelekeza mtumishi kule kwa zamani.

Jambo moja huwasumbua wengi baada ya matengenezo. Jibu la kwamba jina halipo nalo huhifadhiwa kwa muda ndani ya kompyuta. Katika Windows, amri ya ipconfig /flushdns hulifuta, ndipo jina liulizwe upya.